Aliyeshika Kamba

Watu wote walimpongeza Gerson, lakini viganja vyake havikuwa na hata mchubuko. Mtu aliyezuia kwa mikono yake kamba ya mwenzake anayeanguka kutoka mwambani lazima aungue ngozi. Yeye alitia mikono mfukoni, akacheka na wenzake kama mwizi anayesaidia kumtafuta mwizi.

Walikuwa wafanyakazi wa ofisi moja ya Njiro, wametoka Jumamosi kwenda kupanda mwamba kwenye mteremko wa Meru, pale mashamba ya kahawa yanapoishia. Bariki, aliyewaongoza, aliwarudia jambo moja hadi likawachosha: anayepanda asinyanyue mguu kabla ya kuuliza, "Umeshika?" Na wa chini asijibu "Nimeshika" kama kamba haimo mikononi.

Bibi Simaloi, mwenye shamba la mwisho, aliongeza la kwake walipomwamkia. "Pale msiseme uongo, wajukuu zangu. Mwamba una mwenyewe, na anasikia."

Walicheka, Gerson kuliko wote.

Mchana, wengine walipokuwa wanakula ndizi na nyama kivulini, Anyesi wa mapokezi alikuwa karibu na kilele. Akauliza, "Gerson, umeshika?"

"Nimeshika!" alijibu. Kamba ilikuwa chini kwenye majani, yeye anajipiga picha.

Anyesi akateleza. Kamba ikakaza. Gerson alipogeuka aliona ncha yake imevutwa hadi vichakani, imenyooka kabisa, na huko hapakuwa na mtu, ila harufu ya mbuzi aliyelowa mvua. Akaidaka haraka, wenzake wakamkuta ameishika. Bosi akabandika picha yake kwenye ubao wa matangazo.

Jumatatu ile harufu ilikuwa ofisini. Anyesi alilalamika kiuno kinambana. Wiki ya pili alilazwa, madaktari wasione kitu, akaruhusiwa akiwa anapumua kwa shida. Na kila alipopita mbele ya meza ya Gerson, mchana kweupe, simu zikilia na watu wakipiga soga, Gerson alisikia kamba inakwaruza sakafu nyuma yake, polepole, kana kwamba kuna anayeikusanya mkononi bila haraka, akijua kwamba mwisho wake umefungwa kwa binti wa watu na kwamba anayeweza kumfungua yuko pale pale, anajifanya anaandika.

Alirudi kwa Bibi Simaloi peke yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni wewe uliyesema uongo?"

Gerson aliinamisha kichwa.

"Ulisema umeshika wakati hukushika. Jini mwenye mwamba akashika, kwa hiyo huyo binti ni wake," bibi alinong'ona. "Kaseme mbele ya watu kwamba hukushika. Uongo wako ndio mlango wake, hana mwingine."

"Bibi, nisimlete tu mchungaji aombe?"

"Mlete. Naye atakuuliza hilo hilo."

Alikaa nalo siku nne. Kila asubuhi alijiapiza, kila asubuhi aliipita ile picha yake ubaoni na ulimi ukawa mzito. Aliona aibu, na aliona aibu kwamba anaiogopa aibu huku mwenzake anakufa.

Ijumaa, wakati wa chai, Anyesi aliangusha kikombe. Midomo ilikuwa ya bluu. Blauzi yake ilijikunja kiunoni, ikazama ndani, na harufu ya mbuzi ikajaa chumba hadi watu wakaziba pua. Gerson akasimama.

"Sikushika!" alipiga kelele. "Nilidanganya. Kamba ilikuwa chini, nilikuwa najipiga picha. Si mimi niliyemwokoa!"

Kitu kizito kilianguka sakafuni, kikajiburuta kuelekea mlangoni, mlango ukafunguka ukajifunga. Harufu ikaisha. Anyesi akavuta pumzi ndefu, akaanza kulia.

Gerson alimsogelea. "Anyesi, dada yangu, nisamehe."

"Nilikuona," alisema kwa sauti ya chini. "Nilipokuwa naning'inia niliangalia chini, nikakuona na simu. Nikadhani utasema siku ile ile. Halafu nikadhani utasema nikilazwa. Ulikuja wodini, Gerson, ukaniletea machungwa."

Wenzake walimvalisha Anyesi sweta, wakamtoa nje taratibu. Hakuna aliyemwambia Gerson akae, wala aliyemwambia aondoke.