Mbweha Aliyefuliwa

Duka la jumla lilijaa watu. Dobi alikuja kununua sabuni, akamkuta dada mwenye gauni la bluu amekalia viroba vya chumvi kama malkia.

"Dada, unapikia mji mzima?"

"Natengeneza mbweha, kaka. Shika upande huu, maswali baadaye."

Dobi akavibeba mpaka karakana ya dada huyo, na moyo ukabaki hukohuko. Kazi ya bibie ilikuwa kuwasimamisha wanyama waliokufa wakaonekana wazima. Dobi alimtazama akikwangua mabaki ya nyama kwenye ngozi, akiyapindua masikio kama soksi, kisha akiisugua chumvi kila kona.

Wakapendana. Ila kila mara kabla ya kumkumbatia, dobi alimpeleka bombani. "Njoo nikunawishe, laazizi." Yeye aliona hayo ndiyo mahaba.

Mbweha alikuwa wa jumba la makumbusho. Akipendeza, bibie angeajiriwa. Katikati ya kazi, mama yake akaugua, ikabidi asafiri.

"Kesho kung'uta chumvi iliyolowa, paka nyingine. Basi. Umenisikia, kipenzi?"

Kwa hilo "kipenzi," dobi akavimba kichwa. Kesho yake akaikuta ngozi inachuruzika maji machafu. Mpenzi wangu arudi akute uchafu huu? Akaifua! Maji ya moto, povu mpaka kwenye viwiko, akaianika kambani katikati ya mashati. Ndipo akaona: manyoya ya ubavuni yamekwenda na maji.

Akampigia bibie simu, akamweleza.

"Umeifua?"

"Ilikuwa inanuka, mpenzi..."

"Kumbe ndiyo maana hunigusi mpaka ninawe. Unanionea kinyaa. Ungesema tu."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, haikupokelewa.

Dobi akakaa juu ya ndoo, akalia kama mtoto. Halafu akakumbuka kitambaa cha mtaroni. Maji yake ya kufulia huyachuja siku zote, vifungo vya wateja visipotee. Akakimbilia mtaroni. Manyoya yalikuwepo, yameng'ang'ania kitambaa. Akayakausha kivulini, akayachana taratibu, akayafunga kwenye leso.

Bibie aliporudi, mama akiwa amepata nafuu, aliiokoa ngozi iliyobaki kwa dawa zake. Dobi akamkuta karakanani, aproni imejaa chumvi na damu kavu. Akamkumbatia hivyohivyo, shati lake jeupe likachafuka.

"Hujaninawisha," bibie akasema, bado amekaza mwili.

"Kunawisha ndicho kitu pekee ninachojua kumfanyia mtu ninayempenda. Sikujua kinakuumiza."

Akafungua leso. Bibie akayatazama manyoya, akamtazama yeye, akacheka huku machozi yanamtoka. "Shika kibano, mharibifu wewe."

Wakayagandisha upya, kishungi kwa kishungi, mabega yakigusana. Palibaki kipara cha ukubwa wa kiganja. Bibie akamlaza mbweha ubavu ule, ameegemea jiwe, macho ya kioo nusu wazi.

"Ametulia kama anaota jua," mkuu wa makumbusho akasema alipokuja kumkagua, akampa bibie mkono. "Karibu kazini."

Alipoondoka, dobi akanong'ona, "Kipara chake tunakijua sisi wawili tu."

"Basi itabidi nikae nawe karibu, usije ukatoboa siri."

"Karibu kiasi gani? Nyumba moja?"

Bibie akajidai kufikiri, akilikung'uta shati la dobi chumvi.

"Nyumba moja, mume wangu. Ila nikikuta kitu cha kazi yangu kambani, unalala karakanani na mbweha."