Soda ya Manasseh na Mistari Miwili

Edinah alikuwa akimenya ndizi za kupika alipomsikia mumewe akikohoa. Manasseh alikohoa akivaa buti, akakohoa akichukua kikapu cha majani chai. Kisha akaingia moja kwa moja chumbani kwa mama yake. Mama huyo, Mokeira, alikuwa na miaka themanini na ugonjwa wa sukari.

"Baba Natasha, toka humo!" Edinah alimwambia. "Jana ulipimwa, ukaonekana una korona."

"Ni baridi ya Ogembo tu. Tangu lini kijiti cha plastiki kikajua ugonjwa wangu?"

Edinah akatupa kisu kwenye karai. Alikuwa amesema neno hilohilo tangu jana. Ni kama kuhubiria ukuta!

Mchana, Manasseh alirudi na kipimo kipya kutoka duka la dawa. Akamwita Edinah na jirani yao Makori. Alifungua soda, akadondosha matone manne kwenye kipimo. Baada ya muda, mistari miwili ikatokea.

"Haya! Soda nayo ina korona?" aliuliza kwa kelele.

Makori alicheka hadi akashika mbavu. Edinah hakucheka. Alivuka shamba la migomba, akaenda kumwita Phanice, anayefanya kazi katika maabara ya kituo cha afya.

"Dada, njoo. Mimi nimeshindwa na huyu mtu."

Phanice alikuja amevaa barakoa, akasimama uani. Alitazama kile kipimo, akavuta pumzi.

"Baba Natasha, kirusi cha korona kimejengwa kwa protini. Nje kina miiba. Ndani kuna protini nyingine, nyingi sana. Kipimo hiki kinatafuta hiyo ya ndani."

"Kwa macho gani?"

"Kwa kingamwili zilizotengenezwa maabara. Zimewekwa humu. Zikikutana na protini hiyo, zinaikamata pamoja na rangi, na mstari unatokea. Soda ina asidi kali. Inaharibu kingamwili, halafu rangi inanata ovyo."

Manasseh akachangamka. "Kumbe kuna kingamwili! Basi nidondoshee mdomoni nipone."

"Yesu wangu!" Edinah alisema, akashika kichwa.

"Hizi ni za kupimia, si dawa," Phanice alisema. "Hebu tupime vizuri."

Alifungua vipimo vitatu alivyokuja navyo. Katika cha kwanza alitia matone ya maji maalumu ya kipimo tu. Kwa cha pili alimpima Makori puani. Kwa cha tatu alimpima Manasseh. Akatazama saa.

"Tunasoma baada ya dakika kumi na tano, kama karatasi ya maelezo inavyosema. Si baada ya saa nzima."

Muda ulipofika, cha kwanza kilikuwa na mstari mmoja, ule wa kuonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi. Cha Makori, mmoja. Cha Manasseh kilikuwa na miwili, wa pili hafifu.

"Huo umefifia," Manasseh alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Hata ukififia, una korona," Phanice alijibu. "Na wewe Makori, usishangilie. Kirusi kikiwa bado kidogo, kipimo hukikosa. Rudia baada ya siku mbili."

Makori alirudi nyuma hatua tatu. Kutoka chumbani, Mokeira aliita, "Manasseh, mwanangu, mbona huji tena kuniona?"

Manasseh aligeuka kuelekea mlangoni. Akasimama.

Siku hiyo alihamia chumba cha nje, akala peke yake, na akavaa barakoa kila alipotoka. Edinah alifungua madirisha ya nyumba. Mokeira alipimwa mara mbili, siku mbili zikipita katikati. Mara zote hakuonekana na kirusi, wala hakukohoa.

Siku ya kumi, Manasseh alikuwa amepona, na kipimo kilionyesha mstari mmoja. Aliingia kwa mama yake. Mokeira akamshika mkono na kumgombeza kwa lugha yao ya Ekegusii hadi chai ikapoa. Manasseh aliinamisha kichwa, akasikiliza yote.

Edinah alikuwa jikoni. Hakwenda kumwokoa.