Ngoma za Breki za Pikapu ya Rutamba

Jumatano, tarehe 14 Agosti 1974, saa moja asubuhi, wanawake waliokuwa wakienda kisimani waliikuta pikapu ya kijiji bondeni, chini ya barabara ya mlimani, magurudumu juu. Milango saba ya mbao iliyokuwa imepakiwa nyuma ilikuwa imetapakaa vichakani. Kwenye usukani alikuwamo Mfaume, dereva, amekwisha kukata roho.

Sajini Modesti alifika kutoka Lindi saa nne, akakuta mtuhumiwa amekwisha kufungwa kamba. Alikuwa Huseni, mkulima wa mikorosho, ambaye nyumba yake ilibomolewa ili ahamie kijiji cha ujamaa. Mlango mmoja kati ya ile saba ulikuwa wake. Jana yake jioni, ulipokuwa unapakiwa, alisema mbele ya watu, "Gari linalobeba mlango wangu halitafika salama."

"Tazama, Sajini, mpira wa mafuta ya breki umekatika," alisema Klementi, fundi wa kijiji, macho yamemwiva kwa kulia. Yeye na Mfaume walikulia pamoja. "Na Jumamosi nimebadilisha viatu vya breki, magurudumu yote manne. Hapa kuna mkono wa mtu."

"Mimi nilisema kwa uchungu, mzee," Huseni alimwambia Sajini. "Huyo marehemu sikuwa na neno naye."

Modesti alikwenda nyumbani kwa Mfaume, ambako gari lililala na mzigo wake. Mjane, Mwahija, alikuwa ndani ya eda, akajibu akiwa nyuma ya mlango.

"Pole sana, mama. Uani pamefagiliwa leo?"

"Nani wa kufagia, baba? Alivyopaacha ndivyo palivyo."

Alama za matairi zilikuwapo mchangani, na mchanga ulikuwa mkavu. Modesti alichuchumaa, akaunusa. Mpira ungekatwa usiku, mafuta ya breki yangemwagika pale. Aliporudi bondeni aliyakuta yameloanisha jiwe lililokuwa chini ya gari. Basi mpira ulikatika gari lilipopinduka. Kwa nini, basi, halikusimama kule juu mlimani?

"Kesho tunafungua magurudumu," alisema. "Fundi, Jumamosi zile ngoma za breki zilitokaje?"

"Kama kifuniko cha sufuria, Sajini."

Kabla ya upolisi Modesti alikuwa amefanya kazi gereji, kwenye shamba la mkonge. Alhamisi saa mbili alikunja mikono ya shati. Ngoma za mbele na ya nyuma kulia, yale mabakuli ya chuma yanayofunika breki, zilitoka kwa nyundo mbili tatu. Ndani mlikuwa na viatu vipya.

Ya nyuma kushoto haikutikisika. Walimwagia mafuta ya taa, wakangoja, wakagonga pembeni kwa kuzunguka, nyundo ikipiga juu ya kipande cha mbao. Hapakuwa na dalili. Modesti aliingiza bolti mbili kwenye matundu yake ili ziisukume ngoma nje, akakaza kidogo huku, kidogo kule. Klementi alishika spana, jasho likimtiririka. Saa sita kasorobo ngoma iliachia kwa mlio, kutu ikamwagika chini kama kahawa iliyotwangwa. Viatu vya ndani vilikuwa vimelika mpaka kwenye ribiti, ile misumari yake; kwa viatu hivyo kanyagio la breki lingezama bure mteremkoni.

Modesti alipangusa ukingo wa ngoma. Palikuwa na makovu ya nyundo, mapya, yanang'aa.

"Haya si yangu," alisema taratibu. "Mimi nimegonga kwa kipande cha mbao. Ulijaribu, Klementi, ikakushinda. Kutu hii ni ya miaka, si ya siku tano."

Klementi alikaa chini, pale pale kwenye kutu.

"Niligonga siku nzima. Ukingo ukaanza kumeguka. Nikaogopa. Ikipasuka, Lindi nzima hakuna nyingine, na amri ilikuwa Jumapili gari libebe watu. Wangesema napinga vijiji. Nikasaini kwamba zote tayari. Nilisema pilikapilika zikipungua nitaifungua polepole."

"Na Huseni?"

"Kila mtu alikuwa amekwisha kumtaja. Mimi nilinyamaza tu."

"Hukunyamaza. Uliuonyesha mpira."

Alasiri ile Huseni alifunguliwa kamba. Klementi aliomba jambo moja kabla ya kupelekwa Lindi, Modesti akamkubalia. Wakasimama nje ya nyumba ya matanga, mbele ya mlango uliorudishiwa, na fundi akasema yote.



"Mume wangu alikuuliza?" Mwahija alisema kutoka ndani.

"Aliniuliza, shemeji. Mara mbili. Alisema kanyagio linazama. Nikamwambia ni viatu vipya, bado havijazoea."

"Usiku wa kuamkia safari hakulala," alisema Mwahija. "Alitaka aliache gari, arudi kwako kwa miguu. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia, kama Klementi amesema, imekwisha."

Modesti alivua kofia yake. Ndani, kilio kilianza upya.