Kilichopita Kwenye Mtandao

Harufu ilianza siku ile ile mashine zilipoanza kusemezana. Gakii alidhani ni panya aliyefia darini.

Kampuni aliyoifanyia kazi ilikuwa na ofisi mjini Amu katika nyumba ya kale, hoteli Shela na ghala la samaki kisiwani Ndau. Kila mahali palikuwa na kompyuta za aina yake, zisizoelewana. Gakii, fundi kutoka Meru, aliziunganisha kwa kanuni za wazi ambazo hazimilikiwi na mtu: mashine yoyote inayozifuata hupokelewa, na kazi hugawanywa kwa zote, isiwepo iliyo kubwa. Ile ya Amu aliiweka chumba cha nyuma kwa sababu ya ubaridi wake, ingawa Bi Mwanamkisi, msimamizi wa ofisi, alimsihi asikifungue.

Harufu ilipozidi, Gakii alifungua kifuniko cha mashine. Ndani mlijaa ute mzito wa manjano, uliochanganyika na magamba ya samaki na kucha za binadamu. Ulikuwa vuguvugu. Alitapika pale pale.

"Chumba hiki kina mwenyewe," Bi Mwanamkisi alinong'ona, mtandio puani. "Miaka yote hakuwa na ndia ya kutoka. Wewe umempa."

"Bi, mtandao ni wa mashine tu."

"Si wewe uliyesema yeyote afuataye kanuni hupokewa?"

Simu ya Gakii ililia: mpishi wa hoteli ya Shela, analia. Lubna, dada wa mapokezi, ameingiwa na kitu.

Yeye na Bi Mwanamkisi wakampitia Bwana Husseini, mtu wa kisomo cha kutoa majini, wakaenda mbio wakimsimulia habari za mashine. Jua la adhuhuri likiwaka, walimkuta Lubna nyuma ya jikoni amepiga magoti mbele ya pipa la taka, akilamba matumbo ya samaki yaliyojaa funza, ute ukimchuruzika kidevuni hadi kifuani, huku macho yake yakilia na kuomba radhi kwa kile ambacho mdomo wake ulikuwa ukikifanya.

Bwana Husseini akamshika kichwa, akasoma. Sauti nzito ikatoka tumboni mwa msichana: "Sikuvunja mlango. Nilibisha, nikaitikiwa."

"Zimeni mashine zote!" alisema Bwana Husseini. "Ikibaki moja atahamia huko."

Gakii aling'oa waya wa Shela. Bi Mwanamkisi akapiga simu ofisini, ya Amu ikazimwa. Kisha Gakii akampigia Phineas, meneja wa ghala la Ndau.

"Nimeshazima, dada," alijibu Phineas.

Lubna akatapika bonge la magamba na kucha, akaanguka, akafumbua macho akiomba maji. "Alhamdulillahi," walisema wote. Hapo ndipo Gakii alipotazama simu yake, akaona mashine ya Ndau bado iko hai, na kazi zote za Amu na Shela zimehamia kwake.

Walifika Ndau kwa boti ya kukodi kabla ya alasiri. Uvundo uliwapokea gatini, mzito kiasi cha kuuonja ulimini, na ndani ya ghala, katikati ya marundo ya samaki waliooza ingawa barafu ilikuwa bado haijayeyuka, Phineas alikaa mbele ya kompyuta akijisukumia matumbo kinywani kwa mikono miwili.

"Nilitaka kuzima," alisema, machozi yakimtoka. "Mkono ulikataa, mdomo ukakudanganya. Nisaidieni, sishibi."

Gakii akang'oa waya wa mashine hiyo ya mwisho. Kioo kikawa cheusi, feni ikanyamaza.

Phineas akaendelea kutafuna.