Umeme wa Mkono wa Gidamis

Ukifika Dirma ukauliza nyumba ya mhunzi, hata mtoto anayechunga ndama atakuonyesha kwa Gidamis. Makufuli mabovu, koki za bomba zilizotupwa, yeye aliviyeyusha akatoa bangili za shaba zinazong'aa. Mimi ni jirani yake, na sioni haya kumsifu. Hanang nzima hakuna mkono kama ule.

Miaka ile mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga. Simu ya mkononi haikushika mpaka upande juu kilimani, na umeme tuliuona mjini Katesh tu. Lakini siku ya mnada watu walikuja kumtazama Gidamis. Aliokota kaa la moto kwa vidole vya mkono wa kushoto, akawasha kiko chake taratibu. Tulipiga makofi, we!

"Moto umenikubali," alisema. "Ulimkubali baba, sasa umenikubali mimi."

Ndivyo walivyoamini katika nyumba yao. Mkono wa mhunzi ukianza kufa ganzi, walichinja mbuzi wakashangilia. Baba yake alizikwa na vidole vifupi kama visiki. Wote walisema vimeliwa na kazi.

Mwaka huo binti yake Agatha alichumbiwa. Kwao, bangili za bibi harusi hutengenezwa na baba kwa mikono yake mwenyewe. Akizitengeneza mtu mwingine, ni aibu ya nyumba nzima. Basi Gidamis akaanza kazi, Agatha akimvutia mivukuto ya kupuliza moto. Asubuhi moja Monica, mama Agatha, alitoka ndani akinusa.

"Nani anachoma nyama saa hizi?"

"Hakuna nyama hapa," Gidamis akajibu bila kugeuka.

"Baba Agatha! Mkono wako!"

Shaba ya moto ilikuwa imemwagikia kidole chake na kugandia pale. Ngozi ilikuwa inaungua.

"Kelele za nini? Hata haiumi."

"Ndiyo maana napiga kelele!" Monica alisema. "Haiumi kwa nini?"

Alimmwagia maji, akamvuta mpaka zahanati. Gidamis alinung'unika njia nzima. Nesi Philomena, binti kutoka Endagikot, aliwapokea.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba."

Alimfunga kidonda. Kisha aliona baka hafifu kwenye mkono, juu ya kiwiko. Akachukua pamba.

"Baba, fumba macho. Nikikugusa, sema."

Gidamis alisubiri, akasubiri. "Haya, anza basi, binti. Nina kazi."

"Nimeshamaliza," Philomena alisema kwa upole. "Nimekugusa kwenye baka, nimekugusa vidoleni. Moto haujakukubali, baba. Mkono wako haupati habari. Huu ni ukoma."

Gidamis alisimama. "Unanitukana?"

"Hapana, baba. Siyo tusi wala laana. Ni vijidudu, na dawa yake ipo, tena bure. Keti nikueleze. Mwilini mwako una umeme."

Gidamis alicheka kwa hasira. "Umeme? Dirma yenyewe haina!"

"Wewe unao tangu tumboni mwa mama yako. Kutoka kidoleni mpaka uti wa mgongo kuna nyuzi nyembamba, zinaitwa neva. Nje ya uzi kuna chembe nyingi za chumvi, ndani ni chache. Chembe hizo zina nguvu ya umeme. Moto ukigusa kidole, vilango vidogo vya uzi vinafunguka na chumvi inaingia. Umeme wa hapo unabadilika. Hilo linafungua vilango vya jirani, navyo vinafungua vya mbele yake. Ni kama watu wanaopokezana matofali."

"Mpaka kichwani?" Monica aliuliza.

"Mpaka mgongoni kwanza. Uzi wa kwanza unaishia hapo. Unamwaga kemikali kidogo sana, uzi unaofuata unaipokea na kuwasha umeme wake, habari inafika kwenye ubongo. Yote hayo ni kufumba na kufumbua. Ndipo unasema, aa, nimeungua!"

"Na mimi?"

"Vijidudu vimeingia kwenye neva zako na kuziharibu. Habari inakufia njiani. Nyuzi zinazopeleka amri ya kushika bado ni nzima. Tukichelewa, nazo zitaharibika. Vidole vitajikunja, koleo litakushinda."

Gidamis alitazama mkono wake. Alikumbuka vidole vya baba yake. Alikumbuka na mbuzi waliochinjwa.

"Bangili za binti yangu," alisema polepole.

"Utazitengeneza. Lakini unywe dawa bila kuruka, hata ukijiona mzima. Ganzi nyingine itabaki, nyingine huenda ikaondoka. Na nyumba nzima ije niipime."

Nyumba nzima ilipimwa. Wengine walikuwa salama. Harusi ilisogezwa mbele, na wakwe hawakukimbia. Philomena aliwaeleza kwamba mgonjwa aliyeanza dawa haambukizi tena.

Gidamis alimeza dawa mwaka mzima. Alitia mipini mirefu ya mti kwenye koleo. Kila jioni aliloweka mkono, akaupaka mafuta, akautazama kidole kwa kidole kutafuta vidonda, kwa kuwa sasa macho yalifanya kazi ya neva. Siku ya mnada vijana walimwomba aokote kaa.

"Okota wewe, kama mkono wako umeuchoka," aliwajibu. Tulicheka mpaka basi.

Ikabaki bangili ya mwisho. Aliitoa motoni, akaiweka ipoe. Kwa haraka ya furaha akaigusa mapema kwa kidole kidogo cha kushoto.

"Yalaa!"

Tulikimbia wote. Tulimkuta anaruka huku na huku akipunga mkono, machozi yakimtoka, na anacheka.

"Imeuma! Mama Agatha, imeuma!"

Monica alikishika kile kidole akakipuliza kama cha mtoto. Naye alikuwa analia.

Siku ya harusi Agatha alitembea bangili zikilia mikononi, na kila mgeni aliuliza zimetengenezwa na nani. Gidamis hakuonyesha bangili. Alizunguka kwa wageni, mmoja mmoja, akiwaonyesha lengelenge dogo kwenye kidole chake.

"Tazama," alisema, kifua mbele. "Nimeungua, na nimejua."