Mayige na Moyo Uliodunda Kabla ya Ngoma

Asubuhi ya siku ya ngoma, mume wangu Mayige alikaa jikoni ameshika kifua. Yeye ndiye manju, yaani mwimbaji na kiongozi wa kikundi chetu. Pamba ilikuwa imeshauzwa, na kijiji kizima cha Kasoli kilingoja ashindane na Bujiku, manju wa kikundi kingine, mchana ule.

"Siendi," akasema. "Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, mdomo umekauka. Bujiku ameniroga!"

Roho iliniuma. Manju asipotokea uwanjani, jina lake limekwisha. Nikamwita jirani yetu Salu, muuguzi wa zahanati.

"Mwangaluka, shemeji," Salu akamsalimu. "Umekula nini?"

"Sijala tangu jana. Manju akila siku ya ngoma, dawa yake ya kuvuta watu inaishiwa nguvu."

"Loo! Sasa utacheza kwa nguvu zipi?"

Salu akampima mapigo ya moyo, akacheka.

"Hujarogwa. Ukiona kazi kubwa inakuja, ubongo unauamsha mwili. Homoni zinaingia kwenye damu. Ini linatoa sukari ya akiba. Moyo unapiga haraka ili damu iifikishe sukari hiyo kwenye misuli. Unatetemeka kwa sababu nguvu zimefika, kazi bado."

"Kumbe! Kama ng'ombe waliokwisha kufungwa plau, wanangoja tu kuambiwa twende."

"Hapo sawa. Ila ng'ombe mwenye njaa atalima wapi? Akiba ya ini ni ndogo. Kula, kunywa maji, vuta pumzi polepole. Na moyo ukidunda hivi bila sababu, uje zahanati."

Mayige akala matobolwa, vile viazi vyetu vya kuchemsha na kukausha, pamoja na karanga. Mengine nikamfungia.

Uwanjani tulimkuta Bujiku amekaa juu ya ngoma yake, midomo mikavu, mikono inamtetemeka.

"Mayige," akasema, "umenirushia nini?"

Nilicheka mpaka machozi. Mayige akamweleza yote, kisha akamfungulia kile kifurushi.

"We baba, unamlisha mshindani?" nikamnong'oneza.

"Nyamaza, mama Minza. Nataka nimshinde akiwa ameshiba."

Ngoma zikaanza pande zote mbili. Kwetu anashinda yule anayevuta watu wengi. Mayige aliimba, akaruka, vumbi likatimka, nami nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Watu wa upande wa pili wakaanza kuhamia kwetu, mmoja mmoja, halafu makundi kwa makundi.

Wa mwisho kuja alikuwa Bujiku mwenyewe, anatafuna matobolwa.