Ujumbe wa Mashine ya Pili

Kila siku saa tisa na nusu alasiri, masomo yakiisha, Chapuchapu alipitia kazini kwa mama yake kuchukua ufunguo wa nyumba. Jina hilo la utani alipewa na baba yake, kwa kuwa tangu alipopata miguu hakuwahi kutembea, alikimbia tu. Alikula akiwa amesimama, alijibu maswali kabla hayajaisha, na daftari zake zilijaa sentensi alizoziacha katikati.

Mama yake alikuwa mfuaji katika kiwanda kidogo cha udobi kilichofua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Ndani kulikuwa na joto la pasi na harufu kali ya sabuni. Mashine mbili za kukamulia nguo zilinguruma kutwa nzima, hata wafanyakazi wakazoea kusemezana kwa kupiga kelele au kwa ishara.

Alhamisi moja, Chapuchapu alikutana langoni na fundi wa mashine, mfuko wa spana begani, anaondoka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Afadhali nimekuona. Mama yako ndiye anaingia zamu ya jioni, nami nawahi duka la vipuri kabla halijafungwa. Mwambie mashine ya pili isiwashwe. Komeo la kifuniko limeharibika, kinafunguka huku mashine bado inazunguka. Isiguswe mpaka nirudi kesho. Umenisikia?"

"Ndiyo, mjomba," alijibu, lakini macho yake yalikuwa barabarani. Rafiki zake wawili walikuwa wanamwita. Saa kumi timu ya mpira wa pete ilikuwa inachaguliwa.

Alimkuta mama ameinamia rundo la mashuka mabichi, jasho likimtiririka.

"Mama! Fundi amesema nikuambie, mashine ya pili..."

"Nini?"

"Fundi! Mashine ya pili!"

"Ameimaliza?" mama alipaza sauti, akichomoa ufunguo mfukoni bila kuinua macho. "Haya, vizuri, maana kwa hii moja kazi imetuelemea. Ameimaliza, siyo?"

Chapuchapu hakusikia sawasawa alichoulizwa. Nje wenzake walimwita tena kwa mluzi. Akaitikia kwa kichwa, akanyakua ufunguo, huyoo, akatoweka.

Alichaguliwa kwenye timu. Alirudi nyumbani akiimba, akaanza kuosha vyombo. Jua lilikuwa bado halijazama jirani yao alipoingia bila hata kubisha hodi.

"Mwanangu, vaa viatu twende. Mama yako ameumia kazini. Mashine imemvuta mkono."

Hospitalini, mama alikuwa amelala chali, midomo imemkauka. Mfupa wa mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika sehemu mbili, na vidole vimevimba vibaya. Baba alikuwa ameshafika.

"Nilifungua kifuniko nitoe mashuka," mama alimweleza baba kwa sauti ya chini. "Siku zote ukifungua inakuwa imeshasimama. Leo shuka lilikuwa bado linazunguka, likanizonga mkono."

"Na fundi hakuwaambia kitu?"

"Sikuambiwa ubovu wowote. Nilijua ameshaimaliza."

Chapuchapu alisimama miguuni pa kitanda. Maneno ya fundi yalimrudia yote, moja baada ya jingine, wazi kama yamesemwa sasa hivi. Isiwashwe. Isiguswe. Akafungua mdomo. Kisha akaufunga.

Jumamosi mama aliruhusiwa kurudi nyumbani, mkono umefungwa bandeji nzito iliyokauka kama saruji. Baba alimfunga vifungo vya gauni, naye mama akageuza uso ukutani ili asionekane anavyouma meno. Alasiri hiyo alikuja msimamizi wa kiwanda, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi.

"Fundi nimemsimamisha kazi," alisema. "Anasema alimtuma binti yako akuambie mashine isiwashwe. Binti, ni kweli?"

Watu wazima watatu walimgeukia. Chapuchapu alihisi masikio yanawaka moto.

"Aliniambia... aliniambia kwamba mashine imetengenezwa," alisema.

"Kwa hiyo anamsingizia mtoto!" baba alifoka.

"Mwanangu simlei kwa uongo," mama alisema. "Akisema hivyo, ndivyo ilivyokuwa. Hata niambiwe niape, nitaapa."

Usiku wa siku hiyo mtoto hakula. Baba alisema ni huruma kwa mama yake, na hilo lilimuumiza zaidi.

Jumapili asubuhi fundi mwenyewe alibisha hodi. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu asiyejua kama amekaribishwa.

"Dada, sikuja kujitetea," alimwambia mama. "Nimekuja kukupa pole. Tangu Alhamisi nikifumba macho naiona ile mashine."

"Pole yako nimeisikia," mama alijibu kwa ukavu. "Umeniumiza mimi, kisha ukataka kumpaka matope mtoto."

Fundi alimtazama Chapuchapu. Hakukasirika. Alimtazama kidogo tu, kisha akainamisha kichwa na kusimama aende zake. Alipoushika mlango, mtoto aliangua kilio.

"Aliniambia, mama! Aliniambia isiwashwe! Nilianza kukwambia, ukaniuliza kitu sikukisikia, nikaitikia tu kwa sababu nilikuwa nachelewa. Na jana nilisema uongo."

Mama alifumba macho. Machozi mawili yalimtoka, naye hakuwa na mkono wa kuyafuta kwa sababu ule mzima alikuwa ameukandamiza kifuani.

"Kaa, fundi," alisema hatimaye. "Kaa, tafadhali."

Jumatatu baba alimpeleka Chapuchapu kiwandani. Mashine zilizimwa, wafanyakazi wakakusanyika. Huku akilia, mtoto alirudia mbele yao kila alichosema fundi na kila alichokificha yeye. Kisha akamgeukia fundi akamwomba radhi.

Msimamizi alisubiri mpaka kilio kikatulia.

"Uongo ulikuwa kosa lako, na umelikiri," alisema. "Lakini mkono ule haukuvunjwa na wewe peke yako. Fundi, habari ya hatari hapewi mtoto anayepita njia."

"Nimekosa," fundi alisema. "Ningerudi ndani kumwambia mwenyewe, au ningening'iniza hata kipande cha boksi kimeandikwa 'Isiwashwe'."

"Nami nimekosa kuliko wote," msimamizi alisema. "Miaka sita zamu moja inatoka na nyingine inaingia, na sikuwahi kuwaambia mkabidhiane. Kila mtu alidhani mwenzake anajua. Kuanzia leo, anayetoka atamsubiri anayeingia, mashine zikiwa zimezimwa ili watu wasikilizane. Ubovu utaandikwa hapa ukutani. Na aliyeambiwa atarudia alichoambiwa. Ujumbe hauishi pale unapousema. Unaisha pale aliyeupokea anapokurudishia, ukaona ni uleule. Fundi, rudi kazini."

Chapuchapu alipofika nyumbani, alimsimulia mama yote bila kuruka neno. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi nina langu," alisema. "Nilikuuliza swali nikajijibu mwenyewe. Ulisimama mbele yangu nisikuangalie hata usoni. Lakini lile la Jumamosi ni lako peke yako."

"Ndiyo, mama."

"Daktari anasema vidole viwili huenda visikunjike tena. Hilo nitalizoea. Ila nilikuwa tayari kuapa kwa ajili yako mbele ya watu, nawe ukaniacha niseme, huku mtu asiye na hatia anapoteza kazi. Ukikosea, niambie mapema, hata kama utatetemeka. Nataka siku moja nisimame tena niape kwa ajili yako, mwanangu, na moyo wangu usisite."

Chapuchapu alikaa chini karibu na kiti cha mama. Kwa muda mrefu hakukimbilia popote.